Ukitaka kupima sheria za uchaguzi, ifuate fomu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa wa miradi katika shirika dogo la kijamii hapa Malindi. Tumepewa kazi ya kutathmini sheria za uchaguzi na taasisi za demokrasia nchini Kenya. Wafadhili wametupa jedwali refu la vigezo: je, katiba inalinda haki ya kupiga kura, je, tume ni huru, je, kuna mahakama ya kusikiliza malalamiko, na kadhalika. Nimelijaza, na karibu kila mahali nimeweka alama ya ndiyo. Nilipowaonyesha wenzangu wakacheka, wakasema jedwali langu ni la nchi nyingine. Nimekosea wapi, na nianze wapi upya?

JIBU: Marahaba, dada. Jedwali lako halina uongo. Ukiisoma Katiba ya 2010 kifungu kwa kifungu utaweka alama ya ndiyo mpaka mkono uchoke. Kifungu cha 38 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kujiandikisha, kupiga kura na kugombea. Cha 86 kinataka upigaji kura uwe rahisi, sahihi, salama, wa wazi na unaoweza kuhakikiwa. Cha 88 kinaunda Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC. Cha 140 kinaruhusu ushindi wa rais upingwe mbele ya Mahakama ya Juu ndani ya siku 7, nayo mahakama inatakiwa kuamua ndani ya siku 14.

Wenzako walicheka kwa sababu jedwali linauliza kama kitu kipo, basi. Haliulizi kilifanya kazi gani siku ambayo mwenye nguvu angependa kisiwepo. Nimesoma tathmini nyingi za mtindo huo. Zimeandikwa kwa bidii, lakini ukimaliza kusoma huwezi kujua kama nchi inayozungumzwa iliwahi kupiga kura hata mara moja.

Ningekuwa wewe ningeliweka jedwali kando kwa siku kadhaa, nikaifuata kura moja kutoka kituoni mpaka inapotangazwa. Kura yenyewe ni ya siri, hivyo kinachofuatika ni fomu. Kila inapopita jiulize mambo mawili: ni nani anaweza kuibadilisha hapa, na ni nani mwingine anamwona akiibadilisha? Ukiyajibu hayo kwa uchaguzi mmoja tu, utajua mengi kuhusu sheria za nchi kuliko jedwali zima linavyoweza kukwambia.

Anza na 2007. Kura zilihesabiwa vituoni, zikajumlishwa maeneo bunge, kisha matokeo yakapelekwa Nairobi, katika jumba la KICC. Kati ya eneo bunge na KICC ndipo mambo yalipoharibika: matokeo yaliyotangazwa mashinani hayakulingana na yaliyosomwa Nairobi, na wananchi hawakuwa na karatasi ya kulinganishia. Mwenyekiti wa tume wa wakati huo, hayati Samuel Kivuitu, baadaye aliwaambia waandishi wa habari kwamba hajui kama Mwai Kibaki alishinda. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakafukuzwa makwao. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilisema mwaka 2008 kwamba hesabu zilikuwa zimechafuka kiasi cha kutowezekana kumjua mshindi wa kweli. Daftari la wapiga kura lenyewe lilikuwa na majina ya watu wapatao milioni 1.2 waliokwisha kufa. Kriegler alisema jambo jingine ambalo wanasiasa wetu hawapendi kulikumbuka: kura zilijazwa kinyemela katika ngome za pande zote mbili.

Sheria zilizofuata zilijaribu kuziba pengo hilo hilo. Kila kituo kinajaza Fomu 34A ya kura za urais. Mawakala wa vyama wanaitia saini, nakala inabandikwa mlangoni, na picha yake inatumwa moja kwa moja kwa tume. Eneo bunge linajumlisha katika Fomu 34B, na taifa katika 34C. Hata hivyo kufikia 2017 tume ilikuwa bado inadai kwamba matokeo yaliyotangazwa katika eneo bunge ni ya muda tu, na kwamba Nairobi inaweza kuyasahihisha. Wanaharakati wakiongozwa na Maina Kiai wakaenda mahakamani, na Juni 2017 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba matokeo yanayotangazwa na msimamizi wa eneo bunge ndiyo ya mwisho. Kesi hiyo haikupata kelele nyingi kama ilizopata hukumu ya Septemba mwaka huo huo, lakini kwa maoni yangu ndiyo iliyobadilisha uchaguzi wa Kenya kuliko nyingine yoyote. Iliiondoa kalamu mikononi mwa watu wa Nairobi.

Kisha ukaja uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017. Siku chache kabla, Chris Msando, afisa wa tume aliyesimamia mitambo ya teknolojia, alikutwa ameuawa. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 54, akimpita Raila Odinga kwa kura zipatazo milioni 1.4. Wakati wa kutangaza, tume haikuwa na Fomu 34A zote mkononi, na maelfu ya fomu hayakuwa yametolewa hadharani. Baadhi ya fomu zilizoletwa mahakamani zilikosa alama za usalama. Mahakama ilipoagiza seva zifunguliwe ili mitambo ikaguliwe, tume haikutii ipasavyo. Tarehe 1 Septemba majaji 4 dhidi ya 2, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, wakafuta ushindi huo. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: pengo la kura milioni 1.4 halina maana kama njia iliyozileta haiwezi kuhakikiwa.

Mwaka 2022 tume ilijibu kwa kuziweka fomu zote hadharani. Karibu vituo vyote 46,229 vilituma picha za Fomu 34A kwenye tovuti, na mtu yeyote mwenye simu aliweza kuzishusha na kujijumlishia. Vyombo vya habari vilifanya hivyo, na vijana wengi tu wakafanya hivyo majumbani kwao. William Ruto alitangazwa kwa kura 7,176,141, yaani asilimia 50.49, naye Raila akapata 6,942,930. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, fomu za tovutini zililinganishwa na zile halisi na hazikuonekana tofauti za maana. Majaji wote saba wakaithibitisha hesabu.

Umeona ilivyokuja? Kwa miaka 15 fomu moja imetoka kuwa siri ya maafisa wachache hadi kuwa mali ya kila mtu. Katika safu hii ningeipa Kenya alama ya juu kabisa bila kusita, na ningeandika katika ripoti kwamba hakuna kifungu cha katiba kilichobadilika kati ya 2013 na 2022. Vifungu vile vile vilivyokuwepo vilisukumwa na kesi, mauaji, maandamano na aibu hadi vikafanya kazi. Jedwali lako lingeipa Kenya ya 2013 na ya 2022 alama zile zile.

Sasa twende mahakamani, maana mfadhili wako ameuliza kama ipo. Ipo. Lakini angalia imepewa nini cha kufanya. Tanzania, jirani zetu wa hapo Horohoro, ibara ya 41(7) ya Katiba yao ya 1977 inasema mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Miezi michache kabla ya hukumu hiyo Tanzania ilikuwa imetangaza kujiondoa katika tamko linalowaruhusu watu binafsi kupeleka kesi mpya mbele ya mahakama hiyo. Uganda mlango uko wazi, na Kizza Besigye aliupitia mwaka 2001 na 2006. Mara zote mbili majaji wa Mahakama ya Juu walikubali kwamba sheria zilivunjwa, kisha wengi wao wakasema uvunjaji huo haukuathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ukikuta mahakama ipo, uliza kipimo cha kufuta uchaguzi ni kipi. Malawi, Februari 2020, majaji walifuta uchaguzi wa rais wa mwaka uliotangulia baada ya kuona fomu zilizofutwafutwa kwa wino mweupe. Wakasema pia kwamba mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Marudio yalipofanyika Juni mwaka huo, aliyekuwa madarakani akashindwa akatoka.

Marudio ya Kenya yalikuwa hadithi nyingine, na hapa nakuomba uende polepole maana ndipo tathmini nyingi zinapokimbia. Watu wengi huandika "Septemba 2017, mahakama huru ilifuta uchaguzi", wakaweka alama ya ndiyo na kugeuza ukurasa. Fungua kalenda uone kilichofuata. Rais aliwashambulia majaji hadharani na kuahidi kuishughulikia mahakama. Raila alijiondoa kwenye marudio. Kamishna Roselyn Akombe alijiuzulu akiwa tayari ameshatoka nchini. Tarehe 24 Oktoba mlinzi wa Naibu Jaji Mkuu alipigwa risasi. Kesho yake Mahakama ya Juu ilipangiwa kusikiliza ombi la kuahirisha marudio, na majaji waliofika hawakutosha idadi inayotakiwa kisheria. Marudio yakafanyika tarehe 26, chini ya asilimia 40 ya walioandikishwa wakapiga kura, na Uhuru akapata asilimia 98.

Katikati ya kelele hizo Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uchaguzi kwa haraka. Zamani kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi kiliruhusu uchaguzi ufutwe kama sheria zilikiukwa pakubwa au kama matokeo yaliathirika. Marekebisho yakataka yote mawili yathibitishwe kwa pamoja. Ukitaka kujua shabaha yake, chukua sababu za hukumu ya Septemba uone ni sababu ipi ingebaki hai chini ya sheria hiyo mpya. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliyatupa mengi ya marekebisho hayo kwa kuwa yanakiuka katiba.

Ndiyo maana huwa nawaambia wanafunzi wangu wasome sheria ya uchaguzi pamoja na tarehe yake. Sheria iliyobadilishwa mwaka mmoja baada ya uchaguzi, wakati hakuna anayejua atakuwa upande gani ifikapo uchaguzi ujao, mara nyingi huwa na haki ndani yake. Iliyobadilishwa wiki tatu kabla ya kura, isome ukishika mfuko wako.

Tume ndiyo sehemu itakayokupa shida zaidi, na hapo sitakubaliana na jedwali lako hata kidogo. "Je, tume ni huru?" Huru dhidi ya nani, na mwezi gani? Kabla ya katiba mpya, utaratibu wetu ulikuwa wa makubaliano tu. Mwaka 1997 vyama viliafikiana katika mazungumzo ya IPPG, kundi la vyama vilivyokuwa bungeni, kwamba upinzani upendekeze baadhi ya makamishna. Hayo hayakuandikwa katika sheria, na kabla ya 2007 Kibaki aliteua makamishna wapya bila kuwauliza wapinzani. Siku hizi katiba pamoja na Sheria ya IEBC zinataka jopo la uteuzi, rais apendekeze, Bunge lipige msasa na kuidhinisha. Kwa karatasi, vizuri sana. Sasa hesabu tume zimeisha vipi. Ile ya Kivuitu ilivunjwa 2008. Ile ya Issack Hassan iliyosimamia 2013 iliondoka mapema 2017, baada ya maandamano ya mitaani na mapatano ya wanasiasa. Ya Wafula Chebukati ilikimbiwa na makamishna wanne kati ya saba baada ya 2017, ikaendelea na watatu hadi Septemba 2021, mwaka mmoja kasoro kabla ya kura. Wanne wapya walioongezwa 2021 ndio waliotoka Bomas, ukumbi wa Nairobi ulikojumlishwa kura za urais, tarehe 15 Agosti 2022 wakasema hawayatambui matokeo yanayokaribia kutangazwa. Baadaye watatu wao walijiuzulu, wa nne akaondolewa. Mahakama ya Juu katika hukumu ya 2022 ilisema kazi ya kuhakiki hesabu ni ya tume nzima, si ya mwenyekiti peke yake. Ikaongeza kwamba mgawanyiko huo wa dakika za mwisho hautoshi kufuta uchaguzi. Ni hukumu yenye busara, lakini inakuonyesha wazi kwamba hata mwaka wa ishirini na mbili wa karne hii makamishna walikuwa hawajakubaliana ni nani mwenye kalamu ya mwisho.

Zanzibar walilipia swali hilo hilo mwaka 2015, pale mwenyekiti wa tume yao, Jecha Salim Jecha, alipojitokeza tarehe 28 Oktoba na kutangaza kwamba uchaguzi wote umefutwa.

Halafu kuna jambo ambalo wewe wa Malindi hukuhitaji mtaalamu wa kukwambia. Muda wa Chebukati na wenzake wawili ulikwisha Januari 2023. Tume ikabaki bila kamishna hata mmoja kazini mpaka Julai 2025, alipoapishwa Erastus Ethekon na makamishna wapya. Kilichochelewesha kilikuwa na sababu nzuri juu juu: maandamano ya 2023, kisha mazungumzo ya kitaifa, kisha sheria ya Julai 2024 iliyoongeza wanachama wa jopo la uteuzi kutoka 7 hadi 9, kisha kesi. Wakati huo huo hapo jirani yako Magarini, mbunge aliyekuwa ametangazwa kwa tofauti ya kura 21 alipoteza kiti pale Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wake mwaka 2024. Watu wakakaa bila mbunge hadi uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba 2025. Mbunge yule yule akarudi. Banisa kule Mandera walikaa bila mbunge tangu Machi 2023 mpaka siku hiyo hiyo ya Novemba. Mapitio ya mipaka ya maeneo bunge, ambayo katiba inataka yafanyike kila baada ya miaka 8 hadi 12, yalipitwa na muda wake Machi 2024 kwa kuwa hakuna makamishna wa kuyafanya.

Jedwali lako linasema: tume ya kikatiba ipo, ndiyo, haki ya kupinga matokeo ya ubunge ipo, ndiyo, mipaka inapitiwa mara kwa mara, ndiyo. Mtu wa Magarini alishinda kesi mpaka mahakama ya mwisho na bado hakupata uchaguzi mpaka Novemba 2025. Ningeanzia hapo ripoti yako. Ni mfano wenu, mnaweza kuwahoji watu kwa matatu tu, na unaonyesha kwa ukamilifu jinsi taasisi moja inavyoweza kuwa nzima na haki ikafa kwa kukosa ile ya pili.

Kuhusu fedha sitakuchosha. Kenya ina Sheria ya Ufadhili wa Kampeni tangu 2013. Kabla ya 2017 wabunge waliisimamisha. Agosti 2021 tume ilitangaza viwango, kwa mfano shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, na Bunge likavikataa. Sheria ipo, na hakuna uchaguzi mkuu uliowahi kufanyika chini yake. Andika hivyo hivyo.

Mchujo wa vyama, hapana, hapo kaa kidogo. Katika ngome ya chama, na Kilifi imekuwa ngome kwa miaka mingi, anayepata tiketi ameshapata kiti. Lakini Fomu za kupendeza tulizozisifu hapo juu zinaanza kazi Agosti. Aprili, tiketi inapogawiwa, mara nyingi hakuna daftari la wanachama linaloaminika, hakuna tovuti, na ukifika ofisini unaambiwa tiketi imetolewa moja kwa moja kutoka juu. Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa lipo na linajitahidi, likiwa na siku chache mno kabla majina hayajapelekwa kwa tume. Tathmini isiyogusa mchujo inapima mlango wa mbele wa nyumba ambayo watu wote huingilia uani.

Kisha uulize nani hakufika kabisa kituoni. Kujiandikisha kunahitaji kitambulisho au pasipoti, na kwa miaka mingi vijana wa jamii za mipakani, Waislamu wengi wa Pwani na Wanubi walipitishwa kwenye kamati za kupigwa msasa ambazo mwenzao wa Nyeri hakuzijua. Rais alitoa agizo Februari 2025 kwamba utaratibu huo uondolewe. Kumbuka neno agizo: kilichoondolewa kwa agizo kinaweza kurudishwa kwa agizo. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai uraia wakaupata. Wapemba wa Kilifi na Kwale, wavuvi ambao baba zao na wao wenyewe walizaliwa hapa, walitambuliwa kuwa Wakenya mwaka 2023. Mpaka hapo, kwa kila uchaguzi tangu uhuru, jedwali lolote lingesema kila raia mtu mzima ana haki ya kupiga kura, na lingekuwa sahihi kwa sababu wao hawakuhesabiwa kuwa raia. Usimuulize mtu wa Nairobi habari hizi. Nenda Shimoni, nenda Mayungu, kaa na wazee.

Gharama za kesi pia zitazame. Anayepinga uchaguzi wa rais anaweka dhamana ya shilingi milioni 1, wa ubunge au ugavana shilingi 500,000, wa udiwani 100,000. Kwa mgombea udiwani aliyeuza ng'ombe wake kwa kampeni, laki moja inatosha kumnyamazisha, na bado hajamlipa wakili wala gharama za upande wa pili akishindwa.

Utaniuliza sasa wafadhili utawapelekea nini, maana wanataka jedwali na wewe unataka mshahara. Wape jedwali lao. Usifute alama hata moja ya ndiyo. Ongeza safu mbili pembeni ya kila kigezo. Ya kwanza: kifungu hiki kiliwahi kumzuia nani, lini? Kama hujapata jibu, andika "hakijawahi kutumika" na usiogope nafasi hizo zikiwa nyingi. Ya pili: kilichotokea baada ya kumzuia. Kwa kigezo cha mahakama utaandika Septemba 2017 katika safu ya kwanza, na katika ya pili utaandika risasi ya Oktoba, majaji wasiotosha, marekebisho ya Bunge, na Mahakama Kuu iliyoyafuta. Msomaji wa Brussels au Washington ataelewa Kenya kwa mstari mmoja huo kuliko kwa asilimia yoyote utakayompa. Na kama wanadai asilimia, wape, lakini ya kila kipindi peke yake: fomu na kuhesabu, juu, mahakama, juu kiasi, uundaji wa tume, chini, mchujo na fedha, chini sana. Wastani wa hayo yote usiutoe. Wastani ungesema Kenya ni ya katikati, na hakuna mahali nilipokutajia palipo katikati.

Uchaguzi mkuu ujao unaangukia tarehe 10 Agosti 2027, Jumanne ya pili ya mwezi huo. Kabla ripoti yako haijakwenda kwa mchapaji, iandikieni IEBC barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Waulizeni mambo matatu: kama Fomu 34A zote zitawekwa tena kwenye tovuti ya umma siku ile ile, kama Fomu 35A za ubunge, zile ambazo kura 21 za Magarini zilitegemea, nazo zitawekwa, na ni kanuni gani inawabana kufanya hivyo, maana mwaka 2022 kuziweka hadharani kulitegemea sana utashi wa tume iliyokuwepo. Sheria inawapa siku 21 za kujibu. Watakachojibu kiweke katika safu ya kwanza. Wasipojibu, andika tarehe mliyopeleka barua na jina la ofisi iliyoipokea, mgonge muhuri kwenye nakala yenu, na hiyo nayo ni data.